Nilimsingizia Baba Wosia Ili Fremu Zangu Zisivunjwe

Nimekosa. Naanza na hilo kabisa, usije ukajichosha kunitafutia sababu. Mwenyewe nimeshazitafuta. Nimemlaumu fundi, nimewalaumu watu wa manispaa, nimemlaumu jirani aliyenipa wazo, na kila nikikaa peke yangu naona hakuna hata mmoja wao aliyenishika mdomo nikasema niliyosema. Mdomo ulikuwa wangu.

Jina langu naomba nisilitaje. Mpanda ni mji mdogo, ukipiga chafya stendi, wa kule kituo cha treni anakuambia pole. Na ndugu zangu nitawapa majina ya kubuni, maana nimeshawaaibisha vya kutosha.

Kosa lenyewe ni hili: baba yangu alipofariki, nilisimama mbele ya jeneza lake nikasema ameacha wosia ambao hakuuacha. Nilimsingizia maiti! Baba yangu mzazi! Na nilifanya hivyo kwa ajili ya fremu za duka.

Ngoja nikueleze taratibu.

Kwetu ni Usevya, huko Mpimbwe kwenye mpunga. Mjini nililetwa na ndoa. Mume wangu alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, dhahabu sijui kama aliipata, ila mke mwingine alimpata mapema tu. Akaniachia nyumba na binti yetu mmoja, nitamwita Neema. Sikulia sana, nilikuwa na kazi za kufanya. Nikaanza kuuza mchele wa kwetu kibarazani, na kwa mchele huo nikamsomesha mtoto.

Nyumba yangu iko kona. Mbele inapita barabara, ubavuni kuna mtaro wa maji ya mvua. Kila aliyekuja kununua mchele alikuwa ananiambia: "Mama Neema, sehemu kama hii umekaa nayo tu? Weka fremu hapa, umeukata!"

Na mimi sifa zinanilewesha, sijifichi. Nikaita fundi, kijana mmoja wa Mishamo, wazazi wake walitoka Burundi miaka ile ya wakimbizi. Kwa tofali za kuchoma hana mpinzani. Alipoona eneo akaniuliza kwa upole, "Mama, kibali cha ujenzi unacho?"

Nikamjibu kwa ukali, "Kwani najenga ghorofa? Wewe jenga, kibali kitafuata."

Unajua tunavyofanya. Kibali tunakiogopa kuliko ugonjwa. Tunasema kitachelewesha, watataka ramani, watakuja kupima, watakuta bikoni ya mpaka haipo. Kwa hiyo tunajenga Jumamosi na Jumapili wakati ofisi zimefungwa, Jumatatu tunaegesha mabati mbele ya ukuta tunajifanya tunafuga kuku. Mtaa mzima unafanya hivyo na mtaa mzima unajua. Ndivyo nilivyofanya mimi, na nilijiona mjanja kweli!

Fremu zikapanda. Eneo lilikuwa dogo kwa tamaa yangu, kwa hiyo zile mbili za mwisho zikasogea mpaka juu ya ukingo wa mtaro, msingi umeingia kabisa kwenye njia ya maji. Fundi aliniambia. Nilimwambia maji yana akili, yatapita pembeni.

Tulipofika usawa wa lenta, juu ya milango, akaja afisa wa ujenzi wa manispaa. Kijana mstaarabu tu, wala hakufoka. Akapima kwa futi yake, akaniandikia notisi ya kusimamisha ujenzi, halafu akanieleza, na maneno yake nayakumbuka vizuri kwa sababu ndiyo yanayonichoma mpaka leo.

"Mama, hizi mbili zilizoingia kwenye mtaro uzivunje mwenyewe. Halafu njoo ofisini na ramani na karatasi za kiwanja, utalipa faini, hizi nyingine tutakurasimishia. Ni jambo dogo, usiliache likakua."

Jambo dogo! Umesikia? Mlango ulikuwa wazi, nilitakiwa kuingia tu.

Lakini mimi nilisikia neno moja: vunja. Nilihisi kama amenitukana mbele ya majirani. Nikamwambia nimesikia, alipogeuka nikamwambia fundi aendelee. Wakati wa sikukuu, ofisi zimelala, tukapaua. Mabati yaling'aa, nikapiga picha nikamtumia Neema chuoni.

Sikukuu zilipoisha, nikatoka asubuhi kufagia, nikakuta ukutani X nyekundu kubwa, rangi imechuruzika mpaka chini. Pembeni wamebandika karatasi nyingine, hii ilikuwa ya kubomoa. Safari hii walitaka zote, kwa sababu nilikaidi.

Wakati huo baba alikuwa kwangu. Nilimtoa Usevya aje kutibiwa, madaktari wakahangaika naye, mwisho wakasema tumtunze nyumbani. Mzee wangu alikuwa mkulima wa mpunga, mtu mkimya. Maisha yake yote alikuwa akienda gulio ananunua chumvi na sabuni anarudi kabla watu hawajajaa. Kelele za mjini zilimtesa. Pikipiki ikipita alifumba macho.

Alasiri moja nilikuwa namnywesha uji. Akausukuma mkono wangu kidogo, akanisemesha kikwetu, Kipimbwe, sauti ya chini lakini imenyooka: "Mwanangu, nikimaliza, nirudisheni kwa mama yenu. Pale ubavuni kwake niliacha nafasi yangu. Usikubali wakanizika mjini huku."

Nikamwambia, "Sawa baba."

Tulikuwa wawili tu chumbani. Mdogo wangu wa kiume, nitamwita Deo, alikuwa Usevya shambani. Neema alikuwa chuo. Maneno hayo hakuyasikia mtu mwingine duniani ila mimi.

Sasa huyo jirani. Tumwite Hamisi, mwenye duka la vifaa vya umeme upande wa pili wa mtaro. Aliona ile X, akaja kunipa pole. Tukakaa kibarazani tunalalamika, na yeye anapenda kuongea. Akasema kuna mtu huko alikotoka aliwekewa alama kama yangu, lakini kiwanjani kwake kulikuwa na kaburi la bibi yao. "Greda lilifika likasimama, Mama Neema. Dereva alikataa kabisa. Nani atakanyaga kaburi? Kaburi hawavunji!"

Nakuapia, Hamisi hakuwa na nia yoyote. Alikuwa anapiga soga. Ila neno lile liliingia likakaa.

Baba alifariki siku hiyo hiyo ya soga, jioni.

Nililia. Usidhani sikulia. Nilimpenda baba yangu, nilimwogesha na kumgeuza kwa mikono hii. Lakini kumbe mtu anaweza kulia kwa jicho moja na kwa jicho la pili akawa anaangalia ukuta wake.

Deo akafika asubuhi na gari la kubeba mwili, na shangazi, na baba mdogo tutakayemwita Sesi. Huko Usevya vijana walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi pembeni ya mama, kwa sababu hakuna aliyefikiria vinginevyo. Kila kitu kilikuwa tayari. Nilichotakiwa ni kupanda gari.

Kwetu, kabla mwili haujatoka, wazee humuuliza aliyemuuguza: alisema nini? Atakachojibu ndicho kitakachofanyika, hata kiwe kigumu namna gani. Neno la mtu anayekufa halina mjadala. Basi shangazi akanigeukia mbele ya jeneza, macho yamevimba.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa naye. Kaka yangu alisema nini?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema kweli, ingenichukua dakika moja tu.

Nikasema, "Alisema tumzike hapa kwangu."

Deo akasogea mbele. "Hapa wapi, dada? Mjini?"

"Hapa nyumbani. Pale mbele, karibu na fremu. Alisema anataka awe anaona watu wanaopita."

Sijui lile la watu wanaopita lilitoka wapi! Lilitoka tu. Uongo ukishaanza haukuombi ruhusa.

Deo akaniangalia kama hanielewi. "Baba? Baba yetu huyu aliyekuwa anakimbia gulio? Alisema anataka kuona watu?"

Nikaanza kulia kwa sauti. Machozi yalikuwa ya kweli lakini niliyatumia, na hilo nalo naliungama. Baba mdogo Sesi akamshika Deo bega. "Acha, mwanangu. Mtu akikaribia kuondoka hubadilika. Kama amesema, amesema."

Wakaniamini. Kwa nini wasiniamini? Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyeuguza, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunisikia nikicheza na maneno ya msiba.

Deo akapiga simu Usevya kuwaambia waache kuchimba. Wakamjibu kaburi limeshakamilika. Wazee wa kule wakasema kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu, litadai mtu mwingine wa ukoo. Wakakata shina la mgomba, wakalilaza ndani, wakafukia. Kwa hiyo pembeni ya mama yangu ukalala mgomba. Nilipoambiwa nilijifanya nashughulika na maji ya kunawa.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja, akauliza kwa kusitasita kama tunaruhusiwa kuzika kwenye kiwanja kilichopimwa. Nikamwambia ni wosia. Msibani nani atabishana na mfiwa? Akaangalia pembeni. Katekista akasali, tukamzika baba pale nilipoonyesha kwa kidole changu, katikati ya fremu za mwisho na barabara, mahali ambapo greda lingelazimika kupita.

Na walikuja kweli! Siku za notisi zilipotimia walikuja na greda na askari. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jamvi kando ya kaburi, nimejifunga kanga ya msiba kichwani. Msalaba mpya, mashada bado hayajakauka. Yule afisa kijana akashuka, akasimama, akavua kofia. Akaniangalia kwa muda mrefu, akarudi kwenye gari, wakaondoka.

Nilicheka. Mungu anisamehe, niliingia ndani nikafunga mlango nikacheka kwa kitambaa mdomoni. Niliona nimeshinda serikali.

Nilishinda nini? Hebu sikia. Nani anapanga fremu yenye kaburi mlangoni? Waliokuja kuangalia waliona msalaba wakasema watanipigia. Saluni ikakataa, duka la simu likakataa. Alipatikana muuza chipsi mmoja asiyejali, wateja wake wakawa wanakula wamegeuza migongo, naye baadaye akahama. Fremu zangu zikabaki na popo.

Neema aliporudi likizo alisimama pale mbele muda mrefu. Akaniuliza, "Mama, kweli babu alisema hivyo?" Nikamwambia, "Ndiyo." Nikamdanganya na mtoto wangu. Ukishadanganya ukoo mzima, mtoto utamwachaje?

Deo yeye hakurudi tena kwangu. Nilipompigia alikuwa ananijibu kwa adabu, maneno machache. Siku moja nilimuuliza kwa nini haji hata kusafisha kaburi la baba. Akasema, "Dada, baba alitukataa. Nimelima naye tangu nikiwa mdogo, mama amelala pale anamsubiri, yeye akachagua barabara. Nije kusafisha nini?"

Ningemwambia siku hiyo! Simu ilikuwa sikioni. Nilimwambia tu asijali, mvua zikipungua aje.

Mvua hazikupungua. Masika ile ilikuwa kali, na maji hayakuwa na akili niliyoyasifia. Yalishuka na mtaro, yakakuta msingi wa fremu zangu, yakageuka. Yaliingia kwa Hamisi, yakaloanisha duka zima. Yaliingia nyumba za nyuma, watu wakatoa magodoro. Na yakaingia kwa baba. Asubuhi moja nilikuta kaburi limetitia upande mmoja, msalaba umelala, udongo unaondoka na maji kuelekea barabarani.

Nilitumbukia kwenye tope lile nikawa nazuia udongo kwa mikono. Majirani waliniangalia kutoka vibarazani kwao. Hakuna aliyekuja kunisaidia na siwalaumu, nyumba zao zilikuwa zimejaa maji kwa sababu yangu.

Hamisi huyo huyo aliyenipigia soga ndiye aliyekwenda kulalamika, na mtaa mzima nyuma yake. Mamlaka zikaja, watu wa afya wakaja. Wakasema kaburi haliwezi kubaki njiani mwa maji, liko karibu na visima vya watu, litahamishwa kwa utaratibu wa sheria. Fremu zitavunjwa. Wakaniambia familia ikae iseme inataka marehemu apelekwe wapi. Kama inataka kwao, watatoa kibali apelekwe kwao.

Hapo moyo wangu ukaruka! Niliona Mungu ananifungulia njia. Baba atarudi Usevya. Atalala pale alipotaka, na mimi nitapumua. Kilichobaki ni kusema ukweli.

Nikapanda basi. Njia yote ile ya hifadhi, tangu Sitalike, mbung'o wanaingia madirishani, nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nikafika, nikaomba kikao. Walikuwepo baba mdogo Sesi, shangazi, Deo na mke wake. Nikapiga magoti kabisa, mtu mzima mimi.

Nikawaambia yote. Nikawaambia baba alisema nini siku ile ya uji, neno kwa neno, kwa Kipimbwe chake. Nikawaambia kuhusu ile X. Nikawaambia nilidanganya kuokoa fremu.

Unajua walinijibu nini? Hawakuniamini!

Shangazi ndiye aliyeanza. "Siku ile nilikuuliza mbele ya mwili wa kaka yangu. Ulilia ukasema anataka kuona watu. Leo wanakuvunjia nyumba, umekuja na maneno mengine."

"Shangazi, haya ndiyo ya kweli!"

"Na yale yalikuwa ya nini?"

Baba mdogo Sesi alikuwa anachora chini na fimbo yake. Akasema taratibu, "Mwanangu, nisaidie. Mimi ni mzee, kesho nitaulizwa. Tushike lipi? Ulilosema mbele ya jeneza au unalosema mbele ya greda?"

Nikaapa. Nikaapa kwa mama, nikaapa kwa Neema. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyoona nyuso zao zinafungwa. Nilitaka kulia, nikakumbuka kilio kile cha msibani, na wao nikaona wanakikumbuka. Nikakosa hata namna ya kulia.

"Halafu pale pembeni ya shemeji, mama yenu, tumeshafukia," akaendelea baba mdogo. "Tuliweka mgomba, tukasema maneno yake, tukafunga. Tukifungua leo kwa neno lako halafu kumbe mwenyewe alikataa, nani ataingia kwenye lile shimo baada yake? Watoto wa Deo?"

Mke wa Deo akamvuta mtoto wake karibu.

Nikamgeukia Deo. Yeye ndiye niliyemtegemea. Yeye alijua baba alikuwa mtu wa namna gani, yeye ndiye aliyeshangaa siku ile. Nikamwambia, "Mdogo wangu, wewe unajua. Sema wewe."

Deo akasema, "Dada, kama unayosema ni kweli, basi mimi nimemchukia baba bure muda wote huu, nimemnyima hata sala, na aliyenifanyia hivyo ni wewe. Kama ni uongo, unataka nimfukue baba yangu kwa ajili ya maduka yako. Yote mawili siyawezi. Usiniambie tena."

Akainuka akaenda shambani. Mpunga ulikuwa unataka kuvunwa, nikamwona anatembea kwenye tuta mpaka nikampoteza. Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu.

Wazee wakaamua: neno la mbele ya jeneza ndilo neno. Alisema mjini, atabaki mjini.

Wakamhamishia makaburi ya manispaa, pembeni ya mji, njia ya kuelekea Mwamkulu. Walizungushia turubai asubuhi, watu wa afya wamevaa glovu na buti. Nilisimama nje ya turubai na katekista. Shangazi alikuja peke yake, akakaa mbali na mimi, akaondoka bila kuaga. Baba yangu sasa amelala kati ya watu asiowajua, upande mmoja mtoto mchanga wa familia nyingine, upande wa pili dereva wa lori aliyefia safarini. Mtu aliyeniomba kitu kimoja tu.

Fremu zile mbili za mtaroni walizivunja, nyingine wakakubali kuziacha nikilipa faini, mtaro ukafunguka, maji yanapita vizuri. Nikaenda ofisini hatimaye, na ramani, na karatasi za kiwanja, nikalipa faini. Yule afisa kijana ndiye aliyenipokea. Hakunisema vibaya. Akagonga muhuri, akanipa kibali cha fremu zilizobaki, akaniambia, "Umeona mama, haikuchukua muda." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo sasa niko kisheria. Fremu zina kibali, zina wapangaji, saluni imerudi. Mtu mgeni akipita anaweza kunionea wivu.

Wewe unayenisoma, kama umejenga kimyakimya na wameshakuandikia, nenda ofisini. Nenda ukiwa unaona aibu, nenda ukiwa unaogopa, ila nenda. Wakikuambia vunja ukuta, vunja ukuta. Ni tofali tu, fundi atakupangia tena mahali pengine. Tafadhali usimtafute marehemu akusimamie. Na ukimuuguza mzazi akakuambia neno lake la mwisho, mwite mtu wa pili alisikie, hata kama ni jirani, hata kama ni mtoto. Usijiamini ukabaki nalo peke yako. Mimi nilijiamini.

Neema nimeshamwambia ukweli. Yeye pekee ndiye aliyeniamini, labda kwa sababu hana mama mwingine. Juzi tulikuwa tunachambua mchele, nikamwambia na mimi nikifa anipeleke Usevya. Hata kama ni pembezoni kabisa mwa makaburi yetu, popote watakaponipa.

Alipepeta ungo wake mpaka ukaisha, akaumwaga kwenye ndoo, ndipo akaniuliza, "Mama, siku hiyo wakiniuliza ulisema nini, mimi mtoto wako, wataniamini?"